Mbona mnyama wa jimbo ni dubu waliyemmaliza wenyewe?

Swali limetoka kwa Mama Zuhura, mzaliwa wa Tanga anayeishi Sacramento, California. Ameandika hivi: "Binti yangu yuko darasa la nne. Amepewa kazi ya kuandika kuhusu mnyama rasmi wa jimbo, naye ni dubu aina ya grizli, yule wa kwenye bendera. Amesoma kwamba dubu huyo hayupo tena California, waliuawa wote. Akaniuliza, 'Mama, mbona walimchagua mnyama waliyemuua wenyewe?' Nikakosa la kumjibu. Halafu akauliza twiga wetu alichaguliwa na nani, na hilo pia silijui. Kazi inatakiwa Ijumaa."

Mama Zuhura, salaam. Jibu fupi la kumpa mtoto kabla hajalala ni hili: walimchagua kwanza, wakammaliza, ndipo wakamwandika. Mambo hayo matatu yalitokea nyakati tofauti, ila vitabu vingi vya shule huanza na la mwisho, yaani mwaka 1953, Bunge la California lilipopitisha sheria ya kumfanya grizli mnyama rasmi wa jimbo. Ukianzia hapo, kweli inachekesha na kusikitisha kwa pamoja, kwa sababu kufikia 1953 dubu huyo alikuwa ametoweka California kwa takriban miaka 30. Basi turudi nyuma kidogo.

Mwezi Juni 1846 California ilikuwa bado sehemu ya Meksiko. Kikundi kidogo cha walowezi wa Kimarekani kiliingia mji wa Sonoma alfajiri, kikamkamata Jenerali Mariano Vallejo nyumbani kwake, kisha kikatangaza jamhuri. Jamhuri inahitaji bendera. Wakachukua kitambaa cha pamba kisichopaushwa, jamii ya kile ambacho wazee wetu wa pwani walikiita amerikani, wakakishonea ukanda mwekundu chini, na kijana mmoja, William Todd, akachora nyota na dubu. Huyu Todd alikuwa wa ukoo mmoja na mke wa Abraham Lincoln, lakini uchoraji hakujaliwa. Wenyeji waliomwona dubu wake walisema ni nguruwe.

Kwa nini dubu? Kwa sababu wakati huo hapakuwa na mnyama aliyeogopwa kuliko yeye katika nchi ile. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba grizli wapatao 10,000 waliishi California kabla ya watu kumiminika kutafuta dhahabu. Walikuwa mabondeni, kando ya mito, hata ufukweni wakila nyangumi waliokufa na kutupwa na bahari. Wafugaji wa Kihispania na Kimeksiko walikuwa wakiwakamata kwa kamba wakiwa juu ya farasi na kuwapiganisha na mafahali mbele ya watu, kama sherehe. Mtu aliyejichorea dubu kwenye bendera mwaka 1846 alikuwa anasema jambo ambalo kila jirani yake angelielewa bila kufafanuliwa: tusiguswe. Hakuwa anafikiria uhifadhi hata chembe.

Jamhuri yenyewe haikufikisha hata mwezi. Mwanzoni mwa Julai bendera ya Marekani ikapandishwa Sonoma, na ile ya dubu ikashushwa, ikawekwa kando. Baadaye ilitunzwa San Francisco, ikateketea katika moto uliofuata tetemeko la ardhi la 1906. Leo hatuna kitambaa kile, tuna picha zake tu, na ukiitazama picha, Mama Zuhura, utawaonea huruma wenyeji wa Sonoma. Ni nguruwe kweli.

Sasa sehemu ya pili, ya kummaliza. Januari 1848 dhahabu ilionekana Coloma, si mbali na hapo mnapoishi. Watu wakaja kwa maelfu, na baada yao ng'ombe, kondoo na mashamba. Dubu anayekula kondoo hana rafiki. Aliwindwa kwa bunduki, akategewa mitego, akawekewa nyama yenye sumu, na aliyemuua alipata sifa na wakati mwingine fedha. Wa mwisho kuuawa anayetajwa katika kumbukumbu nyingi alipigwa risasi mwaka 1922 katika wilaya ya Tulare, na mwaka 1924 watu waliripoti kumwona mmoja katika eneo la Sequoia. Baada ya hapo, kimya. Tangu dhahabu hadi kimya hicho ni miaka 76, umri wa mtu mmoja tu. Mtoto aliyezaliwa Coloma mwaka 1848 angeweza kuwaona wakiwa wengi na kufa akiwa ameshuhudia mwisho wao.

Katikati ya mauaji hayo kuna kisa kimoja ambacho kwa maoni yangu Zuhura akikiweka kwenye kazi yake mwalimu atasimama kukisoma. Mwaka 1889 mwenye gazeti la San Francisco Examiner, William Randolph Hearst, alitaka grizli aliye hai. Alimtuma mwandishi wake, Allen Kelley, kusini mwa jimbo kumtafuta. Dubu alipatikana, akasafirishwa hadi San Francisco, akapewa jina Monarch, yaani mfalme, ambalo lilikuwa neno la kujisifu la gazeti lenyewe. Kwa hiyo huyo dubu alikuwa tangazo lenye miguu minne. Aliishi kifungoni miaka 22, sehemu kubwa katika bustani ya Golden Gate, akinenepa. Alikufa 1911.

Na 1911 ndio mwaka ambao Bunge liliifanya bendera ya dubu kuwa bendera rasmi ya jimbo. Sheria ilitiwa saini mwanzoni mwa mwaka huo. Sidhani kuna aliyepanga vigongane. Ila tazama: siku bendera inakuwa rasmi, grizli mashuhuri kuliko wote California yuko ndani ya uzio, na porini wamebaki wa kuhesabika. Mwili wa Monarch ulikaushwa ukahifadhiwa na jumba la makumbusho la sayansi la San Francisco, na dubu wa bendera ya leo kwa kawaida husemwa kwamba ametokana na yeye.

Halafu ndipo inakuja 1953. Hadi hapo kila mtengeneza bendera alikuwa na dubu wake: mwingine mnene, mwingine kama mbwa mwitu, mwingine amefungua kinywa. Bunge likaamua kuweka mchoro mmoja na rangi maalumu, na mwaka huohuo likamtaja grizli katika sheria kuwa mnyama wa jimbo. Binafsi sioni unafiki hapo, naona ukarani. Watu waliokuwa wameishi na dubu kwenye muhuri, kwenye bendera na kwenye jezi za chuo kikuu walikuwa wanaweka faili sawa. Swali la binti yako, kwamba ni nani aliyemmaliza, halikuwa mezani siku ile. Yeye analiuliza miaka 70 baadaye, na ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wazima.

Asije akadhani California peke yake ndiyo yenye mkasa huu. Nenda Louisiana, chini kabisa ambako mto Mississippi unaingia baharini. Ndege wao ni mwari wa kahawia. Yumo kwenye muhuri na bendera yao, amesimama juu ya makinda matatu huku akijitoboa kifua kwa mdomo ili awalishe damu yake. Mwari halisi hafanyi kitu kama hicho. Ni hadithi ya kale ya Ulaya, Wakristo waliipenda kwa sababu ya maana yake, ikasafiri hadi kwenye karatasi za serikali. Kufikia 1963 mwari huyo alikuwa ametoweka Louisiana. Dawa za kuulia wadudu mashambani, DDT na wenzake, zilikuwa zimeingia kwenye maji, zikaingia kwenye samaki, zikamfikia ndege. Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya kutoweka, Bunge la Louisiana likamtangaza kuwa ndege rasmi wa jimbo.

Umeona? Mwendo uleule. Lakini hapa mambo yaligeuka. Kuanzia 1968 makinda ya mwari yalichukuliwa Florida yakaletwa Louisiana, yakalelewa, yakazaana. DDT ikapigwa marufuku Marekani mwaka 1972. Mwaka 2009 mwari wa kahawia akaondolewa kwenye orodha ya serikali kuu ya wanyama walio hatarini. Leo ukisimama kwenye ufukwe wa Louisiana unawaona wakipiga mbizi. Kwa hiyo jimbo hilo lilimwandika ndege asiyekuwepo, kisha likaenda kumwazima kwa jirani. Grizli hajapata bahati hiyo. Wapo walioiomba serikali kuu imrudishe California, lakini mwari anakula samaki, grizli anaweza kumla mbuzi wako na kukutazama wewe mwenyewe kwa jicho la kukadiria. Wafugaji wana la kusema, na ukiwasikiliza huwezi kuwaita wajinga.

Kuhusu Louisiana kuna kijambo kimoja cha kumtia moyo mwanafunzi. Kwenye bendera nyingi zilizokuwa zikiuzwa, yale matone matatu ya damu kifuani mwa mwari yalikuwa yameachwa. Aliyegundua ni mwanafunzi, wala si waziri, na mwaka 2006 Bunge likapitisha sheria kwamba matone yawepo.

Unaweza kujiuliza kama nchi nzima ina utaratibu mzuri kuliko majimbo. Haina. Tai mwenye kichwa cheupe yuko kwenye muhuri mkuu wa Marekani tangu Juni 1782. Kila pasipoti ina tai, na baadhi ya sarafu pia. Ila hakuna sheria iliyomtaja kuwa ndege wa taifa mpaka Desemba 2024, Rais Joe Biden alipotia saini. Miaka 242! Muda wote huo kila mtu, pamoja na walimu, aliamini jambo hilo lilishaandikwa zamani. Naye baisani, yule nyati wa nyikani mwenye manyoya shingoni, alipewa cheo cha mnyama wa taifa mwaka 2016, baada ya kunusurika kwa bahati tu, maana mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamebaki mamia wachache kutoka mamilioni.

Na kwa kuwa watu hupenda kunirushia hili: hapana, Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, hakupendekeza bata mzinga awe kwenye muhuri. Alimwandikia binti yake barua mwaka 1784, miaka miwili baada ya muhuri kupitishwa, akitania medali ya chama cha maofisa waliopigana vitani, ambayo tai wake alionekana kama bata mzinga. Akasema afadhali, kwa sababu bata mzinga ana heshima kuliko tai mwizi. Utani wa baba kwa mwanawe umekuwa historia ya mitihani.

Majimbo mengine nitayapita haraka, maana orodha hizi zikisomwa zote zinachosha. Ndege mwekundu aitwaye kardinali amechaguliwa na majimbo saba, na mimi huona huo ni uvivu. Rhode Island wamechagua kuku, aina yao wenyewe ya kuku mwekundu, na hilo nalipenda kwa sababu ni jambo la kweli la watu wa pale. Utah ndege wao ni shakwe wa California. Ndiyo, jimbo lisilo na bahari limechagua ndege wa baharini mwenye jina la jimbo jingine, kwa sababu mwaka 1848 mashakwe yalishuka yakala wadudu waliokuwa wanamaliza mazao ya walowezi wa Kimormoni. Wisconsin wana "badger", binamu wa nyegere, lakini jina hilo pale lilianza kwa wachimba madini ya risasi waliokuwa wakilala kwenye mashimo ya vilimani kama wanyama hao. Yaani mnyama alipata cheo kwa sababu ya watu waliofananishwa naye.

California yenyewe haikuishia kwa dubu. Kware alitangulia, 1931. Wana samaki wao, nyangumi wao, kobe wao wa jangwani, chura mwenye miguu myekundu tangu 2014, na mwaka 2024 wakaongeza koa wa rangi ya ndizi. Zuhura akitaka mnyama ambaye anaweza kumgusa kwa kidole, huyo koa ndiye, yumo kwenye misitu yenye unyevu ya pwani. Utaratibu wa wote ni mmoja: mbunge analeta muswada, mabaraza mawili yanapiga kura, gavana anatia saini. Mara nyingi aliyeanzisha ni darasa la watoto.

Sasa twiga. Hapa nimefurahi mtoto ameuliza, kwa sababu jibu linawashangaza hata watu wazima wa nyumbani.

Chukua nembo ya taifa ya Tanzania uitazame vizuri. Kuna mwanamume na mwanamke, Mlima Kilimanjaro, mwenge, mkuki, shoka na jembe, karafuu na pamba, pembe za ndovu, na maneno Uhuru na Umoja. Twiga hayumo. Yeye aliingia kwa mlango mwingine na mapema zaidi. Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliipa beji kama walivyofanya kwa makoloni yao yote, na beji hiyo ilikuwa kichwa cha twiga ndani ya duara, kilichowekwa kwenye bendera ya koloni. Stempu za posta za Tanganyika za mwaka 1922 pia zilikuwa na kichwa cha twiga. Kwa hiyo ukiuliza nani wa kwanza kumweka kwenye karatasi za serikali, ni afisa wa kikoloni. Kenya nao walipewa simba mwekundu. Uganda walipewa korongo taji, yule ndege mwenye ushungi wa dhahabu kichwani.

Uhuru ulipokuja kila nchi iliamua vyake. Kenya waliwaweka simba wawili wakiishika ngao, na ndani ya ngao wakatia jogoo mwenye shoka, aliyekuwa alama ya chama cha KANU. Uganda nusura korongo apotee njiani. Chama cha DP kilipokuwa madarakani kilipendekeza bendera yenye korongo. Kikashindwa uchaguzi wa Aprili 1962, na UPC walioshinda wakaikataa bendera ile, wakaleta mistari sita ya nyeusi, njano na nyekundu. Lakini korongo wakambakisha, katikati, ndani ya duara jeupe, mguu mmoja ameuinua. Vyama viwili visivyopatana kwa lolote vilipatana kwa ndege. Ukumbuke Baganda wana ukoo ambao mwiko wake ni ndege huyohuyo, wanamwita ngaali, kwa hiyo hakuwa mgeni aliyeletwa na meli.

Tanganyika ilimwacha twiga nje ya bendera mpya mwaka 1961. Watu hawakumwacha. Akabaki kwenye fedha: kwa miaka mingi ukiinua noti kwenye mwanga ulikiona kichwa chake kimejificha ndani ya karatasi. Akapanda kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania. Timu ya taifa ya wanawake ya soka ikaitwa Twiga Stars. Mwulize mtoto yeyote Handeni au Lindi mnyama wa taifa ni nani, atakujibu kabla hujamaliza swali. Kwa hiyo kwa Zuhura ningeandika hivi: Waingereza walimchora, Watanzania wakamzoea, wakamfanya wao. Anatofautiana na grizli kwa jambo moja kubwa, kwamba bado yupo, ingawa si salama sana. Twiga wa Kimasai, ambaye ndiye wa Tanzania na kusini mwa Kenya, aliingizwa mwaka 2019 kwenye daraja la wanyama walio hatarini katika orodha ya kimataifa ya IUCN, shirika la uhifadhi wa viumbe, baada ya idadi yake kupungua kwa karibu nusu katika miaka 30 hivi.

Sasa ushauri wa kazi yenyewe, kwa kuwa Ijumaa iko karibu. Aandike miaka mitatu kwa mpangilio wake, 1846, 1922, 1953, na achore mstari kutoka mmoja hadi mwingine. Mwalimu ataelewa bila maneno mengi. Picha asichukue ya dubu mliyempiga picha mkienda ziwa Tahoe. Huyo ni dubu mweusi, wapo wengi sana California, na jina linadanganya kwa sababu baadhi yao wana manyoya ya kahawia kabisa, ndiyo maana hata watu wazima wanawachanganya. Amtofautishe hivi: dubu mweusi uso wake umenyooka kutoka paji hadi puani, wa grizli umebonyea katikati kama sahani, masikio ya dubu mweusi yamesimama zaidi, makucha ya grizli ni marefu kama vidole vya mtu. Na akimchora dubu wa bendera, anayetembea kuelekea upande wa mlingoti, asisahau kumwekea nundu juu ya mabega. Kwa mbali inafanana na ya ng'ombe wetu wa kienyeji, ila ya grizli ni msuli wa kuchimbia, na wachoraji wengi wa darasa la nne huiacha.